Milio Sita ya Mama Sekunde

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Sekunde, na yeye aliliitikia kana kwamba ndilo alilopewa siku ya kuzaliwa. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ghorofa la zege, mwisho wa ujia, mkabala na studio ya mpiga picha. Humo mlikuwa na meza chini ya dirisha, taa yenye shingo ndefu, kioo cha kukuzia alichokivaa jichoni, na saa za wateja zilizopangwa ukutani bega kwa bega. Mgeni wa mara ya kwanza alisimama mlangoni na kusikiliza kabla hajaingia, kwa kuwa chumba kile kilikuwa na sauti ya manyunyu yasiyokatika.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na bisibisi nyembamba kama miiba na desturi moja. Hakumkabidhi mteja saa kabla haijapitishwa mbele ya redio. Saa ikishapona, aliishika mkononi akangoja redio itoe milio yake sita ya kufungua saa mpya, mitano mifupi na wa mwisho mrefu. Ulipolia ule mrefu, kidole chake kilisukuma kitufe cha pembeni, na mshale wa sekunde ukaanza safari.

"Imeapishwa," alimwambia mteja. "Sasa nenda nayo."

Mtu akimkumbusha kwamba siku hizi simu zina saa, alikuwa na jibu. "Simu inakwambia dakika, inakuficha sekunde. Mimi na kitu kinachoficha hatupatani."

Shida ilianza mwenye jengo alipoongeza ghorofa mbili juu. Zege lilipozidi, redio ya zamani ya Mama Sekunde ikaanza kukwaruza. Mtangazaji akawa kama mtu anayesoma habari huku anakaanga kitu. Binti yake, aliyekuwa fundi wa lifti katika mji wa mbali, safari ya ndege kabisa, alikuja likizo akakaa humo asubuhi moja tu, kisha akasema masikio yake hayawezi. Safari iliyofuata alikuja na kisanduku cha mbao chenye kioo kidogo usoni na kirungu cha kuzungusha.

Mama Sekunde alikigeuza juu chini. "Antena iko wapi?"

"Haina, mama. Hii ni redio ya waifai. Inapitia kwenye mtandao."

"Kitu kisicho na mkono kinashika nini?"

"Kinashika dunia nzima. Wewe zungusha tu."

Waifai ilikuwa ya mpiga picha, aliyeitumia kutuma picha za harusi kwa wenyewe, na ukuta wa studio haukuizuia kufika upande wa pili. Binti aliandika neno la siri, akasubiri kioo kiwake, na chumba kikajaa sauti ya mtangazaji wao wa siku zote, safi kama maji kwenye glasi. Mama Sekunde alivuta kiti, akakaa, akasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, hata bei za mazao ambazo hakuwa na kazi nazo.

Tangu siku hiyo redio ile ikawa mwenzake wa meza moja. Asubuhi alifungua kwaya za nchi asizozijua, waimbaji wasiojua kwamba kuna mwanamke anayebadilisha betri kwa mwendo wa nyimbo zao. Adhuhuri alihamia kituo cha mji anakoishi binti yake, akajua barabara ipi imefungwa na mawingu yako wapi. Kisha akapiga simu.

"Chukua mwavuli, huko kwenu kunanyesha."

"Mama, nimesimama dirishani. Jua linawaka."

"Angalia tena."

Na mara nyingi, kabla simu haijakatwa, binti aliguna. "Haya. Naona tone."

Saa tisa alasiri walikutana. Kituo cha nyumbani kilikuwa na kipindi cha salamu kiitwacho Mkono kwa Mkono, watu wakipiga simu kusalimia ndugu na kuchokozana, na binti aliyezama kwenye mashimo ya lifti alikisikiliza kwa visikizi vya masikioni. Kikiisha walipigiana kuwacheka waliopiga. Binti alimsihi mara nyingi mama yake apige naye. Jibu lilikuwa lile lile: "Nitapiga nikiwa na la kusema."

Sasa, juu ya lango la soko kulikuwa na saa ya zamani, kubwa, yenye kengele. Baba yake Mama Sekunde ndiye aliyekuwa akipanda ngazi za mnara kila wiki kuitia ufunguo mrefu kama mkono. Mama Sekunde alipokuwa mtoto, kengele ile ikilia, alijua baba yuko karibu kushuka na kurudi nyumbani. Baba alikwishafariki, ufunguo akauchukua yeye, na hadi uzee huu kengele ilipogonga alihisi mtu anamwita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kumwitia.

Ndipo akaja msimamizi mpya wa soko. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati limenyooshwa, na alitaka kushusha saa hiyo na kuweka ubao wa tarakimu nyekundu zinazowaka.

"Mama yangu, saa ya kupandiwa ngazi kila wiki ni mzigo."

"Mzigo wa nani? Ngazi napanda mimi, magoti yanauma yangu."

"Mimi sina ugomvi na saa ya zamani. Nina ugomvi na saa ya uongo. Wauzaji wanalalamika, geti linafungwa leo mapema, kesho limechelewa." Alifikiri kidogo. "Tufanye hivi. Ijumaa saa sita mchana nitasimama hapa langoni na redio yangu. Ikigonga pamoja na milio ya redio, inabaki, na sitasema neno tena. Isipogonga, naishusha."

"Itagonga."

"Una hakika, mama?"

"Wewe andaa masikio tu."

Alianza kazi siku hiyo hiyo. Alifuta vumbi la miaka kwenye meno ya magurudumu, akatia mafuta tone kwa tone, akapanda na kushuka mpaka walinzi wa soko wakaacha kumsalimia kwa kuchoka. Katikati ya saa ile ilining'inia fimbo yenye uzito, ikibembea kushoto na kulia, na juu ya uzito huo baba yake aliacha vipande vidogo vya shaba. Ukiongeza kimoja, saa inatembea upesi kidogo. Ukiondoa, inapunguza mwendo. Mama Sekunde aliongeza, akaondoa, akaongeza tena, kama mpishi anayeonja chumvi. Kila siku alichukua saa yake ya mfukoni, akaiapisha mezani mbele ya redio ya waifai, akatembea nayo hadi sokoni, akapanda, akalinganisha. Ilipofika Jumatano saa ya mfukoni na saa ya mnara zilikuwa zinatazamana kama watu wawili waliokubaliana jambo. Alishuka ngazi akiimba.

Alhamisi asubuhi mpiga picha alibisha hodi na redio ndogo ya betri mkononi, ya marehemu babu yake.

"Mama Sekunde, hii imekata roho. Nina kiu ya mpira jioni."

"Mpira wako si uko kwenye simu?"

"Kwenye simu mke wangu ananipigia kila dakika. Hii hajui namba yake."

Aliifungua, akakuta kutu mahali betri zinapogusa. Akaikwangua, akaifunga. Kwa kuwa dirisha la studio lilitazama barabarani, upande usio na zege jingi, redio ile ilishika mawimbi vizuri. Mpiga picha akaiweka kwenye kizingiti cha mlango wake na kuifungulia kituo kile kile cha nyumbani.

Ilikuwa inakaribia saa saba. Mama Sekunde alikuwa ameshika saa ya mwalimu mmoja, kidole juu ya kitufe, akingoja. Toka ng'ambo ya ujia ikaja milio sita, mitano mifupi na mmoja mrefu, na mtangazaji akaanza kusoma habari. Redio ya mezani ilikuwa bado inatangaza sabuni.

Alikaa vile vile, kidole hewani. Tangazo la sabuni likaisha. Ndipo milio sita ikalia mezani kwake, kwa utulivu, kana kwamba hakuna aliyeitangulia.

"Wewe," aliita. "Redio yako inakimbia."

Mpiga picha alitoa kichwa. "Redio inakimbiaje, mama? Haina miguu."

"Imepiga saa saba kabla ya saa saba."

"Au ya kwako imepiga saa saba baada ya saa saba."

"Mtangazaji si ni yule yule mmoja? Mdomo wake ni mmoja. Atasemaje kwako kabla hajasema kwangu?"

"Labda mimi ananipenda zaidi."

"Usinichekeshe, nina kazi."

"Na wewe ndiye uliyeitengeneza hii," alisema mpiga picha, akifurahia. "Mgema akisifiwa, mama. Umeitengeneza mpaka imepitiliza."

Walisogeza viti ujiani, wakaziweka redio mbili zikitazamana. Wimbo ukianza kwenye kizingiti, mezani bado walikuwa wanautambulisha. Mtangazaji akicheka kule, huku alikuwa bado hajaambiwa kichekesho. Mpiga picha aliona ni mchezo mtamu. Akawa anasikia neno kwenye redio yake na kulisema kwa sauti kubwa kabla halijafika kwenye ya jirani, akijiita nabii.

Mama Sekunde hakucheka. Alirudi mezani akaweka viganja viwili juu ya mbao. Saa ya mnara aliiapisha kwa redio hii. Ikiwa redio hii inachelewa, basi kesho saa sita kengele ya baba yake itagonga nyuma ya milio, mbele ya soko zima, na yule kijana mwenye adabu ataleta mafundi wa kuishusha. Na ikiwa inayokosea ni ile ya kizingiti, akiirekebisha saa ya mnara kwayo ataiharibu ilhali ilikuwa sawa. Alizitazama saa za wateja ukutani, nazo zilimtazama.

Hofu haikukaa naye muda mrefu. Haikuwa na kiti chumbani humo. Kuuliza si ujinga, alijiambia, na kama watu wawili wanabishana juu ya maneno ya mtu wa tatu, dawa ni kwenda kwa huyo wa tatu. Saa tisa, Mkono kwa Mkono ilipoanza, alipiga simu. Alipiga mpaka kidole kikapata joto, na mwishowe laini ikafunguka.

"Mkono kwa Mkono, karibu. Uko hewani. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni fundi saa. Shikamoo nasubiri."

Mtangazaji alicheka. "Shikamoo mama yangu. Naomba kwanza uzime redio yako, inaleta mwangwi."

"Redio yangu siizimi, hiyo ndiyo iliyonifanya nipige simu." Lakini aliipunguza sauti mpaka ikanyamaza. "Mwanangu, nina redio mbili, zote zinakusema wewe. Moja ya mawimbi, moja ya waifai. Ya waifai inachelewa. Nataka uniambie, wewe mwenyewe uko kwenye ipi?"

"Mama, hilo swali mimi sijawahi kuulizwa tangu nianze kazi. Mimi niko hapa kwenye kiti."

"Na kiti kiko saa ngapi?"

Studio nzima ilisikika ikicheka. "Mama, mafundi wetu hapa wananiashiria kwa mikono, sielewi hata mmoja. Unamsalimia nani?"

"Namsalimia binti yangu, fundi wa lifti, popote alipokwama. Mwambie mama yake hatimaye amepata la kusema."

Akakata simu. Toka kwenye kizingiti cha mpiga picha wimbo ulikuwa tayari unapigwa. Akazungusha kirungu cha redio ya mezani kupandisha sauti, na ndani ya kile kisanduku cha mbao akasikia mwanamke akisema, kwa sauti ya kujiamini na nzito kidogo kuliko alivyodhani, "...nina redio mbili, zote zinakusema wewe."

Mpiga picha alikuwa mlangoni, mdomo wazi. "Si umeshamaliza kuongea?"

"Nyamaza, nijisikilize."

Simu ikalia mkononi. Alikuwa binti.

"Mama? Mbona unapokea? Si bado unaongea redioni?"

"Nimeshakata zamani, mwanangu."

"Haiwezekani, nakusikia hapa. Ndiyo kwanza unamuuliza kiti kiko saa ngapi." Kisha fundi wa lifti aliyekuwa ndani yake akaamka. "Oh. Mama. Ni mtandao. Redio za hivi hazimimini sauti papo hapo. Inafika vipande vipande, kwa hiyo redio inajaza kibaba kwanza ndipo inaanza kukumiminia, isije ikakauka katikati ya wimbo. Ndiyo maana iko nyuma kidogo daima."

"Na hukuniambia."

"Sikujua unaapishia saa. Nilidhani unasikiliza kwaya."

Wakati huo huo, toka kwenye meza na toka kwenye masikio ya binti ng'ambo, ile sauti nzito kidogo ilifika mwisho: "Mwambie mama yake hatimaye amepata la kusema." Binti alicheka hadi akakohoa. Mama Sekunde alikuwa ameshavua kioo cha kukuzia na anatafuta ufunguo wa mnara.

"Mpiga picha," alisema, "nabii, leta hiyo redio yako."

Waliapisha saa ya mfukoni kwa milio ya saa kumi, ya kizingitini. Alipanda mnara kabla jua halijalegea, akausogeza mshale mrefu mbele kwa upana wa unyasi, akashuka. Ijumaa asubuhi alipanda tena, akalinganisha, na hakugusa kitu.

Adhuhuri msimamizi alifika langoni na wazee wawili wa soko. Wauzaji nao walisogea, wengine na mizani mikononi. Mpiga picha alikuja na redio ya babu yake, ameishika kifuani kama mtoto mchanga. Msimamizi akatoa simu mfukoni, akaigusa kioo mara mbili, na kituo cha nyumbani kikasikika.

Mama Sekunde aliitazama ile simu. "Redio yako ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii, mama. Inapita kwenye mtandao. Sauti safi, haikwaruzi."

Mpiga picha alishusha pumzi na kutazama viatu vyake. Mama Sekunde hakushusha kitu. Aligeuka ili wazee nao wasikie.

"Bwana msimamizi, anayejitetea baada ya kukosea haaminiki, kwa hiyo mimi nasema kabla. Redio ya huyu kijana inashika mawimbi. Saa itagonga pamoja nayo. Kisha itamaliza kugonga, utapata muda wa kufunga kamba za viatu, ndipo simu yako italia milio yake. Isipokuwa hivyo, ufunguo huu hapa, chukua, na saa uishushe mwenyewe."

Akauweka ufunguo mrefu juu ya meza ya muuza vitunguu.

Redio ya betri ikalia mfupi, mfupi, mfupi, mfupi, mfupi. Na ule mrefu ulipofunguka, kengele ya mnara ikaanguka juu yake, sawasawa, kama kiganja juu ya kiganja. Njiwa waliruka kwenye paa. Kengele iligonga, ikagonga, bila haraka, na Mama Sekunde alisimama amefumba macho, kwa kuwa kuna mtu alikuwa anamwita. Pigo la mwisho la kengele lilipofifia hewani, simu ya msimamizi ilikuwa bado inatangaza sabuni.

Mzee mmoja akainama kweli kweli, akaanza kufunga kamba za kiatu chake. Alikuwa kwenye kiatu cha pili simu ilipolia milio sita.

Soko lilicheka kicheko ambacho hakikumlenga mtu. Msimamizi aliitazama simu, akautazama mnara, akaitazama simu tena.

"Kwa hiyo siku zote hizi mimi naishi nyuma kidogo."

"Hata mimi nilikuwa huko mpaka jana," alisema Mama Sekunde. "Si kubaya. Kuna muziki mzuri."

Kijana yule alicheka, akauchukua ufunguo kutoka kwenye vitunguu na kumrudishia kwa mikono miwili. "Nilisema sitasema neno tena, mama. Naomba moja tu. Geti lifungwe kwa saa yako."

"Sasa umesema."

Wiki iliyofuata wateja waliitwa mmoja mmoja, warudishe saa zao ziapishwe upya, na Mama Sekunde hakumficha yeyote sababu. Mwalimu alisema hakuwahi kugundua. "Mimi nimegundua," akamjibu, "na hiyo inatosha." Kila saa mpya inapokaribia, mpiga picha husogeza redio yake kwenye kizingiti bila kuombwa, na mezani Mama Sekunde hushusha sauti ya kisanduku cha mbao kwa muda mfupi, kwa heshima, kama mtu anayemwambia rafiki mzungumzaji kwamba sasa ni zamu ya mwingine.

Baadaye humpandishia sauti tena. Maana kisanduku kile hakikufukuzwa. Kiliondolewa kazi ya saa tu, kikabakiziwa kazi yake halisi. Asubuhi kwaya, adhuhuri mvua za mji mwingine. Saa tisa huegemeza simu kwenye taa, binti akiwa upande wa pili ndani ya shimo la lifti, na wanakisikiliza kipindi cha salamu pamoja. Vibaba vyao havijai sawa. Kuna siku binti anacheka kwanza, na mama anakaa kimya, bisibisi mkononi, akingoja kwa raha kile kichekesho ambacho tayari ameahidiwa kwamba ni kizuri.